Asilimia ya Nani?

Leo nimekuja na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Kuna ugonjwa umetuingia sisi waandika programu, na tumewaambukiza mameneja, wanahabari na hata wanasiasa. Ugonjwa wenyewe ni kurusha asilimia hewani bila kusema ni asilimia ya nani. Mtu anasimama mbele ya ukuta wenye picha ya projekta, anasema "mfumo wetu uko sahihi kwa asilimia 63", watu wanapiga makofi, chai inaletwa. Hakuna anayeinua mkono kuuliza: asilimia 63 ya nini, bwana?

Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukasema nimekuzungusha. Programu inayotoa asilimia bila kutaja imegawanya kwa kundi gani ni programu ambayo haijakamilika. Na ikiwa asilimia hiyo ndiyo inayoamua nani alale rumande au nani anyimwe mkopo, basi hapo hatuzungumzii tena kazi nusu. Hapo tunazungumzia dhuluma.

Haya basi, tuanze pole pole.

Dawa iko kwenye "ya"

Kiswahili chetu kimeshatupa dawa, ila hatuitumii. Soma sentensi hizi mbili:

Asilimia 60 ya walimu ni wanawake.
Asilimia 60 ya wanawake ni walimu.

Maneno ni yale yale. Namba ni ile ile. Lakini ya kwanza inaweza kuwa shule yoyote hapa nchini, na ya pili ni nchi ya ajabu ambapo ukirusha jiwe sokoni umempiga mwalimu. Tofauti yote imekaa kwenye neno linalofuata "ya". Neno hilo ndilo linalosema umegawanya kwa kundi gani, yaani ndilo namba ya chini. Ukilificha neno hilo, umeficha nusu ya hesabu. Walimu wa takwimu huiita hesabu ya namna hii uwiano wenye sharti. Sharti ni lile kundi ulilojifungia ndani yake kabla ya kuanza kuhesabu.

Mahali pazuri pa kuona jambo hili ni kwenye jedwali la pande mbili. Swali moja unalipanga kwa mlalo, la pili unalipanga kwa wima, na ndani ya kila kisanduku unaandika idadi ya watu. Idadi, si asilimia. Asilimia zinakuja baadaye, na hapo ndipo wajanja wanapoingilia.

Tuchukue meli ambayo kila mtu anaijua. Titanic ilizama Aprili 1912, na uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka huo huo ulihesabu watu 2,201 waliokuwa ndani. Jedwali lake, kwa daraja la safari, ni hili:

Daraja la kwanza: walionusurika 203, waliokufa 122, jumla 325
Daraja la pili: walionusurika 118, waliokufa 167, jumla 285
Daraja la tatu: walionusurika 178, waliokufa 528, jumla 706
Wafanyakazi wa meli: walionusurika 212, waliokufa 673, jumla 885
Jumla: walionusurika 711, waliokufa 1,490, wote 2,201

Sasa waite wasemaji wawili. Wa kwanza anasema: "Wafanyakazi wa meli walijiokoa wao kwanza! Asilimia 29.8 ya walionusurika ni wao, kuliko kundi lingine lolote." Chukua kikokotoo: 212 gawanya kwa 711. Kweli kabisa. Wa pili anasema: "Wafanyakazi ndio walioumia kuliko wote! Ni asilimia 24.0 tu ya wafanyakazi walionusurika, na hakuna kundi lililopata kidogo kuliko hapo." Chukua kikokotoo tena: 212 gawanya kwa 885. Nayo ni kweli. Na akitokea wa tatu akasema "asilimia 9.6", pia hajadanganya, amegawanya 212 kwa watu wote 2,201.

Kisanduku ni kimoja. Watu ni wale wale 212. Asilimia tatu zimetoka humo na kila moja inasimulia kisa chake. Kwa hivyo ule msemo kwamba namba hazidanganyi... nauacha kwa wanaoutaka.

Je, hakuna jibu sahihi basi? Lipo, ila linategemea swali. Kama swali ni "je, tiketi ya mtu ilikuwa na uzito katika kunusurika kwake?", basi tiketi ndiyo unayoijua kwanza, kabla maji hayajaingia. Unajifungia ndani ya kila daraja na kugawanya kwa jumla ya mlalo. Unapata asilimia 62.5 daraja la kwanza, 41.4 la pili, 25.2 la tatu, na 24.0 kwa wafanyakazi. Hiyo ni ngazi. Inashuka kadiri mfuko unavyopungua.

Gawanya kwa wima, kwa jumla ya walionusurika, uone maajabu: 28.6 daraja la kwanza, 16.6 la pili, 25.0 la tatu, 29.8 wafanyakazi. Ngazi imetoweka! Abiria wa daraja la tatu anaonekana kama jirani wa tajiri, 25.0 kwa 28.6. Imekuwaje? Ni kwa sababu waliokuwa daraja la tatu ni 706 na wa daraja la kwanza ni 325, na ile namba ya chini ya 711 haijali kila kundi lilianza na watu wangapi. Mtu aliyetaka kuficha kwamba maskini waliachwa wafe hangehitaji kughushi hata tarakimu moja. Angebadilisha namba ya chini tu.

Kosa la herufi moja

Naomba sasa niongee na wenzangu wa fani. Jambo hili kwetu si la kinadharia, kwa maana zana zetu zinafanya kosa hilo liwe rahisi kuliko kumeza mate. Ukitumia R, amri ya kugeuza jedwali kuwa uwiano inaitwa prop.table. Ukiipa 1 inagawanya kwa jumla za mlalo. Ukiipa 2 inagawanya kwa jumla za wima. Usipoipa chochote inagawanya kila kisanduku kwa jumla kuu, na haikulalamikii. Tarakimu moja tu! Katika lahajedwali ni hivyo hivyo: kwenye menyu kuna asilimia ya mlalo, asilimia ya wima na asilimia ya jumla kuu, zimepangana kama ndugu, na kipanya kikiteleza kidogo umebadilisha maana ya ripoti nzima.

Programu haitatoa onyo lolote. Hakuna maandishi mekundu. Majaribio yote yatapita, kwa kuwa hesabu yenyewe haina kosa. Kilichobadilika ni swali, na tarakilishi haikuulizwa swali. Iliambiwa igawanye, ikagawanya. Ndiyo maana nasema lawama hii haiwezi kusukumwa kwa mashine. Ni yetu sisi tulioandika.

Hebu tuone hadi wapi lawama hiyo inaweza kufika.

Programu, hakimu na jedwali moja

Kule Marekani kuna programu iitwayo COMPAS, iliyotengenezwa na kampuni ya Northpointe. Kazi yake ni kukadiria uwezekano wa mtuhumiwa kurudia uhalifu, na inampa alama 1 hadi 10. Mahakama na idara za magereza zimeitumia. Mei 2016, shirika la uandishi wa habari za uchunguzi la ProPublica lilichapisha uchambuzi wa watuhumiwa wa kaunti ya Broward, jimbo la Florida. Walichukua alama za watu hao, wakazilinganisha na yaliyotokea katika miaka miwili iliyofuata. Ukiwahesabu waliopata alama 5 na kuendelea kuwa "hatari", na waliobaki kuwa "salama", majedwali ni haya.

Watuhumiwa weusi:
Waliohesabiwa hatari: walioshtakiwa upya 1,369, wasioshtakiwa 805, jumla 2,174
Waliohesabiwa salama: walioshtakiwa upya 532, wasioshtakiwa 990, jumla 1,522
Jumla: walioshtakiwa upya 1,901, wasioshtakiwa 1,795, wote 3,696

Watuhumiwa wazungu:
Waliohesabiwa hatari: walioshtakiwa upya 505, wasioshtakiwa 349, jumla 854
Waliohesabiwa salama: walioshtakiwa upya 461, wasioshtakiwa 1,139, jumla 1,600
Jumla: walioshtakiwa upya 966, wasioshtakiwa 1,488, wote 2,454

Kampuni ilijitetea kwa kusoma mlalo. Miongoni mwa weusi waliohesabiwa hatari, asilimia 63 walishtakiwa upya. Miongoni mwa wazungu waliohesabiwa hatari, asilimia 59. Namba zimekaribiana, kwa hivyo alama ina maana ile ile kwa kila mtu. Ubaguzi uko wapi?

ProPublica walisoma wima. Miongoni mwa weusi ambao hawakushtakiwa upya, asilimia 45 walikuwa wamepachikwa jina la hatari: 805 gawanya kwa 1,795. Miongoni mwa wazungu ambao hawakushtakiwa upya, ni asilimia 23: 349 gawanya kwa 1,488. Karibu mara mbili! Na upande wa pili umegeuka: miongoni mwa walioshtakiwa upya, programu ilikuwa imewaita salama asilimia 28 ya weusi na asilimia 48 ya wazungu. Makosa ya mashine yalimkandamiza mmoja na kumpendelea mwingine.

Nani amekosea hesabu? Hakuna. Majedwali ni yale yale, visanduku ni vile vile. Kila upande ulichagua namba yake ya chini, na ugomvi mzima ukawa juu ya chaguo hilo.

Utaniuliza, si watengeneze tu programu inayosawazisha zote mbili? Haiwezekani, na sababu iko ndani ya majedwali hayo hayo. Waliohesabiwa hatari ni 2,174 kati ya weusi 3,696, na 854 tu kati ya wazungu 2,454. Katika kila kundi, takriban wanne kati ya kumi wa hao waliwekewa alama kimakosa. Lakini kwa kuwa alama zenyewe ni nyingi zaidi upande mmoja, makosa nayo ni mengi zaidi upande huo: watu 805 dhidi ya 349. Yagawe kwa wasioshtakiwa, ambao idadi zao hazipishani sana, na pengo linafunguka. Mwaka 2016 Alexandra Chouldechova na, katika kazi tofauti, Jon Kleinberg na wenzake walionyesha kihisabati kwamba viwango vya msingi vya makundi vikitofautiana, na programu ikiwa si kamilifu, huwezi kupata usawa wa namna zote kwa wakati mmoja. Lazima uchague. Na hata hivyo viwango vya msingi si ukweli mtupu: jedwali linahesabu walioshtakiwa, si waliotenda. Polisi wakishinda mtaa mmoja mchana na usiku, mtaa huo ndio utakaojaza kisanduku.

Hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Kusoma kwa mlalo ni swali la mwenye mashine: "nikimwita mtu hatari, nitapatia mara ngapi?" Kusoma kwa wima ni swali la anayehukumiwa: "mimi ambaye sitarudia kosa, nina uwezekano gani wa kupachikwa jina baya?" Yote mawili ni maswali halali. Lakini mwenye mashine ndiye anayeandika ripoti. Unadhani atachapisha jibu la swali la nani?

Tusicheke ya jirani

Usije ukadhani hayo ni ya Wamarekani na mahakama zao. Hapa kwetu Kenya, simu iliyo mfukoni mwako imeshakuwa hakimu. Unaomba mkopo, programu inakupima kwa sekunde chache, jibu linakuja: umekubaliwa, au samahani, jaribu baadaye. Mama mboga anaambiwa samahani na hajui kakosa nini.

Sasa chora jedwali la mkopeshaji. Mlalo wa kwanza ni waliopewa, wa pili ni walionyimwa. Wima wa kwanza ni waliolipa, wa pili ni ambao hawakulipa. Jaza visanduku. Waliopewa wakalipa, unawajua. Waliopewa wasilipe, unawajua sana, hadi namba za simu za jamaa zao. Walionyimwa ambao wangelipa... kimya. Walionyimwa ambao wasingelipa... kimya. Nusu ya jedwali ni tupu! Mtu hawezi kulipa mkopo ambao hakupewa.

Angalia matokeo yake. Mkopeshaji anaweza kutangaza kwa majigambo kwamba asilimia kadhaa ya waliopewa walilipa. Hiyo ni asilimia ya mlalo wa kwanza, na ni halali. Lakini swali la mama mboga, "miongoni mwa sisi ambao tungelipa, wangapi mmetunyima?", halina jibu katika hifadhidata yote ile. Si kwamba limefichwa kwenye droo. Halipo kabisa. Kisha programu inafundishwa upya kwa data ya waliopewa tu, na kesho inakuwa na uhakika zaidi kuhusu watu wale wale, na ujinga ule ule kuhusu wengine. Halafu tunaiita mashine inayojifunza. Inajifunza nini, na nusu ya darasa imefungiwa nje?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inagusa moja kwa moja maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: mtu ana haki ya kujulishwa kwamba ameamuliwa hivyo, na kuomba uamuzi uangaliwe upya. Mwaka 2022 zikaja kanuni za Benki Kuu juu ya wakopeshaji wa kidijitali. Ni hatua njema, lakini utaombaje kuangaliwa upya kama aliye upande wa pili anasoma asilimia moja kwenye dashibodi, naye mwenyewe hajui ni asilimia ya nani?

Ninachodai

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Madai yangu ni manne, na hakuna linalohitaji pesa nyingi.

1. Kila asilimia kwenye skrini iandikwe kwa sentensi nzima yenye "ya". Si "Usahihi: 63%". Andika: "asilimia 63 ya tuliowaita hatari walishtakiwa upya". Nafasi kwenye skrini ipo. Mbona ya matangazo haikosekani?

2. Pamoja na asilimia, weka idadi zenyewe. Mwenye jedwali lenye idadi anaweza kujitafutia asilimia yoyote, ya mlalo au ya wima. Mwenye asilimia tupu hawezi kurudi kwenye jedwali.

3. Programu inayoamua juu ya watu ipimwe kwa mlalo na kwa wima, kwa kila kundi, na matokeo yote mawili yatolewe. Mkiamua kutanguliza moja, semeni mmetanguliza lipi na kwa nini. Uamuzi huo ni wa kimaadili, usifichwe ndani ya msimbo kama 1 au 2.

4. Wakopeshaji watenge sehemu ndogo ya waombaji ambao mashine imewakataa, wachaguliwe kwa bahati nasibu, wapewe mikopo midogo kwa masharti yale yale, ili ule mlalo mtupu uanze kupata namba. Itagharimu kidogo, ndiyo. Lakini kutojua kunagharimu pia, ila anayelipa gharama hiyo ni mama mboga.

Najua pingamizi litakalokuja: "wateja hawataki namba nyingi, wanataka namba moja iliyo rahisi." Nimelisikia hilo mikutanoni hadi nimelikariri. Jibu langu ni kwamba huyo mteja unayemdharau anajua kuuliza bei ni ya kilo au ya debe. Hakuna mtu sokoni anayekubali kuambiwa "mia mbili" bila kuuliza mia mbili ya nini. Ni sisi wasomi wa tarakilishi tuliomfundisha kwamba namba ikitoka kwenye skrini haiulizwi. Tumfundishe upya.

Kwa hivyo kuanzia leo, ukisoma gazetini, ukiona kwenye dashibodi ya kazini, ukisikia mgombea akitaja asilimia jukwaani, uliza swali moja tu: ya nani? Ukijibiwa vizuri, chukua kalamu, geuza, gawanya kwa upande wa pili uone kisa kinabadilikaje. Usipojibiwa, hiyo asilimia usiibebe nyumbani.

Na kama wewe ni mwandika programu na unaona nimewaonea, uwanja ni wako, nijibu. Ila tafadhali, njoo na jedwali.